Kupanga ni Kuchagua: Seva Zinapohamia Kwenye Wingu

Kuna neno ambalo sasa halikosekani katika vikao vya bodi za kampuni na taasisi zetu: wingu. Meneja wa TEHAMA husimama mbele ya wakurugenzi na kutangaza kwamba kampuni "inahamia kwenye wingu". Seva zinazohudumia tovuti na mifumo ya wateja, ambazo mpaka leo zinakaa katika chumba cha ofisi au katika kituo cha data cha mjini, zitazimwa. Kazi zake zitafanywa na mashine za kukodi zinazomilikiwa na Amazon, Microsoft au Google. Wakurugenzi huitikia kwa vichwa, kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana amepitwa na wakati. Swali linaloulizwa huwa moja: itagharimu kiasi gani?

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni muhimu lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: baada ya kuhama, je, tutabaki na uwezo wa kuhama tena? Anayeweza kujibu "ndiyo" na kuthibitisha jibu lake, na ahame kwa amani. Asiyeweza anapaswa kujua kwamba anachokihamisha ni zaidi ya mashine. Anahamisha mamlaka juu ya shughuli zake mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe, maana maneno huficha mambo. Wingu halina mwenyewe, hupita juu ya nchi zote bila pasipoti, na huleta mvua kwa mwema na mwovu. Ni jina zuri mno kwa muuzaji. Wingu la kompyuta, hata hivyo, ni jengo. Lina kuta, walinzi, jenereta, viyoyozi na bili ya umeme. Limesimama katika ardhi ya nchi fulani na linatawaliwa na sheria za nchi hiyo, ilhali mmiliki wake anatawaliwa pia na sheria za nchi alikosajiliwa. Kampuni inayosema kwamba imetoka kwenye kituo cha data na kwenda kwenye wingu, kwa hakika imetoka katika kituo kimoja cha data na kuingia katika kingine, kikubwa zaidi, ambacho haina hisa ndani yake. Jana ilikuwa na nyumba yake, au walau ilikuwa na samani zake katika chumba cha kupanga. Leo imepanga chumba, kitanda, sufuria na mpishi kwa mwenye nyumba mmoja.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kitenzi "kupanga" kinabeba maana mbili: kukodi makazi na kuweka mipango. Mwalimu Nyerere aliposema mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua, alikuwa akizungumzia Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wala hakuwa na kodi ya pango akilini. Lakini katika jambo hili maana zote mbili zinakutana. Anayepanga kwa mwenzake bila kupanga mambo yake hajachagua, amechaguliwa.

Haki itendeke kwa wanaohama, kwa kuwa wana sababu za kweli. Kuendesha seva zako mwenyewe ni kazi ya jasho. Umeme hukatika na jenereta hudai dizeli. Diski hufa usiku wa manane. Mashine mpya huagizwa ng'ambo, husubiriwa bandarini na hulipiwa ushuru. Zaidi ya yote, mnunuzi analazimika kukisia leo mahitaji ya miaka mitatu au minne ijayo. Akikisia pungufu, tovuti inazimia siku ambayo watu wengi wanaihitaji. Akikisia kupita kiasi, amefunga fedha zake katika mashine zinazopiga miayo. Amazon ilipoanza kuuza huduma za aina hii mwaka 2006, ilitoa jibu kwa tatizo hilo hasa: pata mashine ndani ya dakika chache, ilipie kwa saa, irudishe ukimaliza. Kwa kijana mwenye wazo na asiye na mtaji, huo ulikuwa ukombozi, na hakuna sababu ya kuubeza.

Mfano unaopendwa na wauzaji wa wingu ni wa Netflix. Mnamo Agosti 2008 hifadhidata ya kampuni hiyo ya Marekani iliharibika, na kwa siku tatu ikashindwa kuwatumia wateja DVD, ambazo wakati huo zilikuwa ndiyo biashara yake kuu. Wakuu wake wakahitimisha kwamba mifumo iliyomo katika kituo chao cha data ilikuwa na nguzo ambazo moja ikianguka, nyumba nzima inaanguka. Wakaamua kuhamia Amazon. Simulizi hii ni ya kweli, lakini mara nyingi husimuliwa nusu.

Nusu ya pili ni hii. Uhamaji huo ulichukua takribani miaka saba, hadi Januari 2016. Wahandisi hawakubeba programu zao kama zilivyo na kuzitua upande wa pili. Waliziandika upya, wakazigawa katika huduma ndogondogo ili moja ikianguka nyingine zisimame, na wakatengeneza hata programu ya kuzima mashine zao wenyewe kwa makusudi saa za kazi ili kupima ustahimilivu wa mfumo. Pamoja na jitihada hizo, mkesha wa Krismasi wa mwaka 2012 kosa la mtumishi wa Amazon lilivuruga miundombinu iliyokodiwa, na watazamaji wengi wa Netflix wakakosa huduma. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba Netflix haikuhamisha kila kitu. Kazi ya kuzifikisha filamu zenyewe kwa mtazamaji, ambayo ndiyo roho ya biashara yake, haikukabidhiwa Amazon. Mwaka 2012 ilitangaza mtandao wake yenyewe, Open Connect, na tangu hapo imekuwa ikiweka mashine zake ndani ya majengo ya watoa huduma za intaneti duniani. Ilikodi kile ambacho mwingine angeweza kukifanya, ikashika kwa mkono wake kile ambacho bila hicho isingekuwapo.

Wako pia waliokwenda na kurudi. Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili ya watu, ililelewa na Amazon tangu uchanga wake. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya data za wateja wake sasa ilikaa katika mashine zake yenyewe, na nyaraka ilizowasilisha mwaka 2018 kabla ya kuuza hisa zilionesha kwamba uamuzi huo ulipunguza gharama kwa takribani dola milioni 75 katika miaka miwili. Kampuni ndogo zaidi, 37signals, ililipa zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya wingu mwaka 2022. Ikapiga hesabu, ikanunua seva kwa takribani dola 600,000, ikaziweka katika vituo vya data vya kukodi, na mwaka 2023 ikarudisha programu zake kuu huko. Kampuni hiyo haikujenga jengo wala kununua jenereta. Ilipanga chumba, lakini samani ni zake, na siku yoyote inaweza kuzibeba.

Basi tusichukue mifano hii kama ushindi wa upande mmoja dhidi ya mwingine. Netflix iliondoka nyumbani ikafanikiwa. Dropbox na 37signals zilirudi nyumbani zikafanikiwa. Zote tatu zilikuwa na kitu kimoja kinachofanana: watu waliojua jinsi mifumo yao inavyofanya kazi kuanzia juu hadi chini, na ambao kwa sababu hiyo waliweza kuchagua. Mwenye maarifa hupanga nyumba kwa hiari na huihama kwa hiari. Asiye nayo huhamishwa.

Sasa tutazame kwetu, ambako mpangaji ana mizigo mitatu ambayo mpangaji wa California hana.

Mzigo wa kwanza ni sarafu. Mteja wa kampuni ya Nairobi hulipa kwa shilingi, lakini bili ya wingu kwa kawaida huhesabiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takribani shilingi 123 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imevuka 160. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 10,000 kwa mwezi ilijikuta ikitoa shilingi 1,600,000 badala ya 1,230,000, bila kuongeza mteja hata mmoja wala seva hata moja. Shilingi hiyo baadaye ilipata nafuu, lakini funzo lipo. Seva iliyonunuliwa nayo hulipiwa kwa dola, ila hulipiwa mara moja. Mashine ya kukodi huidai fedha ya kigeni kila mwezi, katika uchumi ambao fedha hiyo huwa adimu pale hasa inapohitajika.

Mzigo wa pili ni njia. Vituo vikuu vya wingu ambavyo kampuni hizi tatu zimevifungua barani Afrika viko Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Wateja wengi bado hutumia vituo vya Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kuanzia Kenya na Tanzania hadi Uganda, Rwanda na Msumbiji. Fikiria duka la dawa la Mwanza ambalo wateja wake, wauzaji wake na ghala lake vyote viko Mwanza, lakini orodha ya dawa zake iko Ireland. Siku kama hiyo, muuzaji na mteja wanatazamana juu ya kaunta huku bahari ikiwa kati yao. Mkongo wa Taifa ungekuwa mzima, umeme ungekuwapo, na bado biashara ingesimama. Kila kitu kilichohitajika kwa shughuli ile kilikuwa nchini, isipokuwa kumbukumbu zake.

Mzigo wa tatu ni sheria. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayowezesha mamlaka zake, kwa kufuata utaratibu wa kisheria, kuidai kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo itoe data iliyo mikononi mwake hata kama data hiyo imehifadhiwa nje ya Marekani. Sisi nasi tunazo sheria zetu: Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria zote mbili zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ni hatua njema. Lakini sheria ya mpangaji na sheria ya mwenye nyumba zinapogongana, ni nani mwenye ufunguo wa mlango?

Jibu la swali hilo lilionekana India mnamo Julai 2025. Microsoft ilisitisha huduma kwa Nayara Energy, kampuni ya kusafisha mafuta yenye wanahisa wa Kirusi, baada ya Umoja wa Ulaya kuiwekea vikwazo. Kampuni ile ilikuwa India, haikuwa imevunja sheria ya India, na huduma hizo ilikuwa imezilipia. Ilibidi ikimbilie mahakamani Delhi, na siku chache baadaye huduma zikarudishwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu vikwazo hivyo. Linalotuhusu hapa ni kwamba uamuzi uliofanywa Ulaya, ukatekelezwa na kampuni ya Marekani, ulizima barua pepe za wafanyakazi wa Asia ambao hawakuulizwa lolote.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba vyumba vyetu vya seva ni aibu: paa linavuja, kiyoyozi ni kibovu, nakala rudufu haijapimwa tangu ilipowekwa, na nywila imebandikwa ukutani. Bora data ikae salama ugenini kuliko ifie nyumbani. Watataja pia Ukraine, ambayo Februari 2022, vita vikiwa mlangoni, ilibadilisha sheria ili data za serikali ziweze kupelekwa kwenye wingu nje ya nchi, na hivyo kumbukumbu muhimu zikaponea nje ya shabaha ya makombora. Yote hayo ni kweli. Nyumba mbovu haigeuki kuwa nzuri kwa sababu ni yako.

Lakini hoja hiyo inathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, wingu nalo huungua. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliodhani kwamba nakala rudufu ni kazi ya mwenye nyumba walipoteza data zao moja kwa moja. Oktoba 2025, hitilafu katika kituo kimoja cha Amazon jimboni Virginia ilitikisa huduma katika nchi nyingi kwa siku moja. Uzembe wa kutopima nakala rudufu huhama pamoja na mzembe. Pili, yapo mataifa yaliyopeleka data ugenini bila kupoteza mamlaka juu yake. Estonia ilitia saini mkataba na Luxembourg mwaka 2017, ikaweka nakala za kumbukumbu zake muhimu katika kituo cha data cha huko, na eneo hilo likapewa kinga inayofanana na ile ya ubalozi. Estonia ni nchi ndogo, yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam. Haikuwa na misuli. Ilikuwa na watu waliojua walichokuwa wakikitaka, na wakakiandika kwenye mkataba kabla ya kupeleka data.

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, nami nausema kama mwalimu. Kampuni inapohamia kwenye wingu kwa pupa, kitu cha kwanza kupunguzwa huwa ni mafundi. Mkurugenzi huambiwa kwamba hahitaji tena mtu anayejua kufunga seva, kusuka nyaya za mtandao au kufufua hifadhidata iliyokufa. Anahitaji mtu mmoja wa kubofya vitufe kwenye ukurasa wa muuzaji. Mwaka wa kwanza akiba inaonekana. Mwaka wa tano bei inapopanda, hakuna aliyebaki wa kuwaambia wakubwa kama inawezekana kuondoka na kwa njia gani. Vyuo navyo husoma soko: mitaala inageuzwa kuwa maandalizi ya vyeti vya kampuni moja, na mhitimu anatoka akijua majina ya bidhaa za Amazon pasipo kujua ni nini kinatendeka ndani ya mashine. Seva iliyouzwa inaweza kununuliwa tena. Kizazi cha mafundi kikipotea, kukirudisha ni kazi ya miaka ishirini.

Ndiyo maana napendekeza kwamba kabla ya afisa masuuli au mkurugenzi yeyote kuweka saini, ajibiwe maswali manne kwa maandishi. Je, tukitaka kuondoka, data zetu tutazitoa kwa muundo gani, kwa muda gani na kwa gharama gani? Je, programu zetu zimejengwa juu ya teknolojia huria ambazo zinaweza kuendeshwa popote, au juu ya huduma zinazopatikana kwa muuzaji huyu peke yake? Je, nakala rudufu iliyo nje ya mikono yake iko wapi, na mara ya mwisho kujaribu kuirejesha ilikuwa lini? Na je, ni akina nani ndani ya taasisi hii, kwa majina, wanaoweza kuuendesha mfumo huu muuzaji akifunga mlango kesho? Yakipatikana majibu, wingu ni chombo kama vyombo vingine. Yasipopatikana, mkataba huo ni hati ya kujiweka rehani.

Kwa mtumishi wa umma mzigo ni mzito zaidi, kwa kuwa taarifa anazozihamisha si zake. Kumbukumbu za wagonjwa, za ardhi na za walipa kodi ni amana ya wananchi ambao hawakushirikishwa katika zabuni. Lakini nisieleweke vibaya: kuziweka data nyumbani hakutoshi kuzifanya salama. Seva iliyoko nchini inaweza pia kutumiwa na wenye nguvu kumchungulia raia. Wanaharakati wetu wasikubali kuchaguliwa kati ya kupelelezwa na wageni na kupelelezwa na wenyeji. Wanachopaswa kukidai ni mikataba iliyo wazi, kamisheni za ulinzi wa data zenye meno, na haki ya raia kujua taarifa zake zinakaa wapi na nani anazisoma.

Wala tusidhani kwamba masharti ya wenye nyumba hayabadiliki. Kwa miaka mingi kampuni za wingu ziliwatoza wateja wanaotaka kuondoka ada ya kutoa data zao wenyewe. Umoja wa Ulaya ukatunga sheria dhidi ya vikwazo vya kuhama, ambayo ilianza kutumika Septemba 2025 na inataka ada za kuhama ziondolewe kabisa kuanzia Januari 2027. Hata kabla ya tarehe hizo, kati ya Januari na Machi 2024, Google, Amazon na Microsoft moja baada ya nyingine zilitangaza kufuta ada ya kutoa data kwa wateja wanaoondoka moja kwa moja. Wapangaji wenye umoja husikilizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina watu zaidi ya milioni 300. Hakuna sababu ya msingi inayoizuia isizungumze kwa sauti moja kuhusu sarafu ya malipo, haki ya kuhama na mahali data nyeti zinapokaa, isipokuwa kwamba kila nchi, na kila kampuni, inakwenda kupiga hodi peke yake.

Nawaachia wanafunzi wa TEHAMA neno la mwisho, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoitwa mbele ya bodi hizo. Jifunzeni wingu, maana ajira ziko huko na mna wazazi wanaowategemea. Lakini jifunzeni pia kufungua kompyuta kuukuu, kuweka mfumo endeshi kwa mikono yenu, kuiharibu na kuifufua. Siku mkurugenzi atakapouliza kama tunaweza kuondoka, awepo mtu mmoja chumbani mwenye kujibu "tunaweza" na kueleza kwa hatua namna ya kufanya. Tukifika hapo, hata tukiamua kubaki, tutakuwa tumebaki kwa kuchagua.